Sista Matawi na Neno Alilolisema Ndani ya Maji

Ndugu, jamaa, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza dada yetu: wasifu huu umeandikwa na mdogo wake wa kuzaliwa tumbo moja, na ndiye anayeusoma. Karatasi mliyopewa mlangoni ina wasifu mfupi. Kamati ya mazishi iliona mengine hayafai kuchapishwa. Hapa unasomwa wote, kwa sababu marehemu alinyamaza miaka mingi ya kutosha, na leo hawezi kujisemea. Mchungaji tumeshamwomba radhi, naye ametuahidi kwamba hatazima kipaza sauti. Tunamshukuru kwa hilo.

Marehemu alizaliwa Jumapili ya Matawi, tarehe 29 Machi 1953, mtoto wa tatu wa baba katekista na mama aliyekuwa akifua na kunyoosha vitambaa vya altare. Mama alishikwa na uchungu katikati ya maandamano, tawi la mtende likiwa mkononi, na wanawake wakamwingiza sakristia kwa kuwa ndicho chumba kilichokuwa karibu. Padre alipoingia kuvua kanzu alikuta mtoto amelazwa juu ya meza ya kukunjia mavazi ya misa. Akacheka, akasema, "Huyu naye hakutaka kukosa." Tangu siku hiyo akaitwa Matawi, na jina la kwenye vyeti likabaki la kwenye vyeti. Jumapili iliyofuata, siku ya Pasaka, tarehe 5 Aprili, alibatizwa kwa kumiminiwa maji kichwani. Baba alipenda kusimulia kwamba hakulia hata kidogo, bali alitoa ulimi akayaonja. Tafadhali ishikeni tarehe hiyo, tutairudia.

Alianza shule ya msingi ya misheni mwaka 1960. Alikuwa mwepesi wa kushika, na alichokishika hakukiachia. Baba alifundisha katekisimu kwenye veranda ya kanisa, na somo lililomkaa Matawi kuliko yote lilikuwa la ubatizo wa hatari. Baba alisema hivi: mtu akiwa anakufa na padre hayupo, yeyote anaweza kumbatiza, mwanamke au mwanamume, hata asiyeamini, mradi ana maji, anayasema maneno yenyewe, na ananuia kile Kanisa linachonuia. Basi! Hapo ndipo nyumba ilipokosa amani. Matawi alichukua birika la chai akabatiza watoto wote wa majirani, akambatiza mbuzi wa mwalimu mkuu, akamkamata paka wetu akambatiza naye, akabaki na mikwaruzo hadi kiwikoni. Wiki hiyohiyo alikwenda kwa padre analia. Padre akamuuliza kulikoni. "Padre, paka amekula nyama na leo ni Ijumaa!" Padre alilazimika kukaa chini kwa kicheko. Kisha akamweleza taratibu kwamba ubatizo si mchezo, kwamba ukishamwagwa haufutiki, na kwamba paka hahusiki. Matawi aliuliza swali moja tu: "Haufutiki kabisa? Hata nikikosa?" Padre akamwambia kabisa.

Alimaliza sekondari mwaka 1971, akajiunga na chuo cha uuguzi na ukunga, akahitimu 1975, na mwaka huohuo akapangiwa wodi ya wazazi katika hospitali kuu. Huko wakaanza kumwita Sista Matawi, kama wauguzi wanavyoitwa, ingawa wageni wengi walidhani ni mtawa, naye hakujishughulisha kuwasahihisha. Kwenye kabati la dawa aliweka kikombe cha bati cheupe chenye ukingo wa buluu. Kila aliyefanya kazi pale alijua kikombe kile hakinywewi chai. Mtoto akizaliwa hana nguvu, na daktari akishatikisa kichwa, Sista Matawi aliinama sikioni kwa mama na kumuuliza, "Mama, wewe unasali wapi?" Akijibiwa ni Mkatoliki, au Mwanglikana, au Mlutheri, aliuliza kama anataka mtoto abatizwe, akachukua kikombe. Akijibiwa ni wa makanisa yanayobatiza watu wazima tu, alimshika mkono wakaomba wote wawili. Akijibiwa ni Muislamu, alimwita mkunga mwenzake, ambaye wodi nzima ilimwita Bi Pole kwa sababu hakuna aliyepita mbele yake bila kupewa pole. Bi Pole aliswali swala tano, na kwa watoto wa Kiislamu alifanya yeye kilichostahili. Kila mmoja alijua pake, na hawakuwahi kukwaruzana. Akina mama waliotoka pale mikono mitupu walitoka wamelia, lakini wametoka na kitu cha kushika. Wengine wao mko hapa leo, tunawaona.

Mumewe alikuwa fundi bomba. Alikuja wodini kutengeneza mfereji wa chumba cha kujifungulia, na inasemekana mfereji ule uliharibika mara nyingi mno kwa mfereji uliotengenezwa na fundi mzuri. Bi Pole alimwambia waziwazi, "Fundi, ama unamtaka Matawi ama hujui kazi. Chagua moja." Walifunga ndoa katika parokia ya baba Jumamosi, tarehe 18 Agosti 1979. Shemeji wakati huo alikuwa Mkristo wa Krismasi na Pasaka, na alilikiri hilo mwenyewe huku akicheka.

Tunafika sasa kwenye mambo ambayo hayamo katika karatasi zenu.

Jumatano ya Majivu, tarehe 4 Machi 1981, marehemu alijifungua kifungua mimba wake katika wodi yake mwenyewe, ujauzito ukiwa wa miezi saba. Alitoka damu nyingi. Mkono mmoja ulikuwa na dripu, wa pili haukuwa na nguvu ya kuinua hata shuka. Mwuguzi mmoja alikuwa amekimbilia damu, mwingine daktari, na chumbani alibaki Bi Pole na mtoto kifuani. Mtoto wa kiume. Alikuwa anavuta pumzi moja, anapumzika, anavuta nyingine.

"Mbatize," Matawi akasema.

"Mimi? Matawi, mimi Muislamu!"

"Baba alisema yeyote. Mradi anuie. Mimi nitasema, wewe nifuate. Kikombe kipo kabatini."

Bi Pole amesimulia kwamba kwa haraka alimwaga nusu ya maji njiani. Akasimama na mtoto, akasema, "Haya. Mimi nanuia unachokinuia wewe. Mengine Mungu ananijua." Matawi alitamka, yeye akafuata neno kwa neno: nakubatiza, kwa jina la Baba, akamimina, na la Mwana, akamimina, na la Roho Mtakatifu, akamimina. Mtoto alifumbua macho kidogo. Daktari alipofika, majivu ya ibada yakiwa kwenye paji la uso wake, mtoto alikuwa ameshakufa.

Shemeji aliwasili na begi la spana begani. Walipomweleza kwamba mtoto amebatizwa, alimwangalia mkewe, akamwangalia Bi Pole, akaangalia kikombe. "Maji," akasema. "Maji yamesaidia nini?" Hatumlaumu. Ni baba aliyeingia akitarajia mtoto, akatoka na kifurushi. Lakini neno hilo halikumtoka Matawi, na naona halikumtoka shemeji pia, kwa maana tangu hapo hakukanyaga tena parokia.

Mwaka 1983 shemeji aliokoka katika mkutano wa injili, akajiunga na kanisa hili tulimo leo, wakati huo likisalia kwenye banda la mabati. Imani ilimwinua. Aliacha pombe, aliacha hasira, aliwapenda watu, na hilo tunalisema bila kinyongo. Yeye ndiye aliyejenga kisima cha ubatizo cha kanisa hili, akaweka vigae na bomba la kutolea maji, kazi safi kabisa, na kiko pale nyuma ya mimbari mpaka leo. Kanisa hili linafundisha kwamba ubatizo ni wa mtu mzima aliyeamini mwenyewe, naye anazamishwa mwili mzima. Aliyemwagiwa maji utotoni wanamhesabu hajabatizwa. Wanalo andiko lao, na wengine wana lao. Hatukuja mazishini kuwapatanisha.

Wakapata watoto wengine wawili, binti mwaka 1984 na kitinda mimba wa kiume 1987. Hawakubatizwa utotoni, waliombewa baraka tu, na Matawi alimeza mate akakubali. Jumapili yeye alikwenda kwenye misa ya kwanza peke yake, akarudi, akawapikia, wakati wenzake wakiwa bado kwenye sifa. Watoto walipokua wakaanza kumuuliza, "Mama, kwa nini wewe una Mungu wako?" Shemeji naye akapendekezwa ushemasi, na sharti la ushemasi lilikuwa nyumba iwe imani moja. Hakumpiga, hakumfukuza, hakumgombeza. Alipiga magoti jikoni, kati ya ndoo na jiko, akamwambia, "Mama watoto, nimechoka kusali peke yangu." Matawi alisema baadaye kwamba angeligombana naye kama angekuja na maneno makali. Kwa magoti yale hakuwa na la kufanya.

Jumapili, tarehe 12 Julai 1992, aliingia kwenye kisima kilichojengwa na mumewe. Maji yalimfika kifuani. Kwa utaratibu wa hapa, kabla mtu hajazamishwa anaulizwa mbele ya kanisa zima, "Umewahi kubatizwa?" Waliotoka makanisa ya kumwagia wanafundishwa wiki kadhaa kabla kwamba jibu ni hapana. Wote hujibu hapana, na kanisa hushangilia. Mchungaji wa wakati huo akamuuliza Matawi. Wanakwaya walisimamisha ngoma. Akamwona mumewe pembeni ameshika taulo, amelifungua tayari, machozi yanamlengalenga kwa furaha.

Akasema, "Hapana."

Wakashangilia, naye akazamishwa. Mdogo wake alikuwepo, kwenye benchi la wageni. Matawi alipotoka majini watu wote walimkumbatia, na yeye aliangalia maji, kama mtu aliyedondosha kitu humo.

Maana mtakumbuka swali lake la utotoni. Aliamini haufutiki, na sasa amesema mbele ya watu kwamba wa kwake, ule wa tarehe 5 Aprili tuliyowaomba muishike, haukuwepo. Kama wa kwake haukuwepo, basi wale watoto wote wa wodini aliwamwagia maji matupu. Na kama aliwamwagia maji matupu, yule wa Jumatano ya Majivu je? Hakumwambia mumewe. Alimwambia mdogo wake, huku anachambua mchele, bila kuinua macho: "Mwanangu nimemkana kwa neno moja. Na nililisema kwa sauti."

Alirudi kazini. Mwaka uliofuata, mwezi wa Mei, mama mmoja muuza mkaa, ambaye Sista Matawi aliwahi kumbatizia mtoto wake wa kwanza aliyekufa, alijifungua wa pili, naye akazaliwa vilevile hana nguvu. Mama yule hakusubiri kuulizwa. "Sista, chukua kikombe. Unajua." Matawi alichukua kikombe, akajaza maji, akasimama juu ya mtoto. Maneno yakamkauka mdomoni. Aliona akiyasema anamdanganya mama, na asipoyasema anamnyima. Akasimama. Mama akawa anamwambia, "Sema, Sista. Sema basi. Mbona husemi?" Mtoto akakata roho mkono wa Matawi ukiwa umeinuliwa, na maji yote yakiwa bado kikombeni. Bi Pole alikuwa chumba cha pili, aliposikia yowe akaja, akakuta limekwisha.

Mama yule hakumtukana. Aliuliza tu, "Kwa nini huyu?" Na Sista Matawi, aliyekuwa na neno kwa kila mama, siku hiyo alikosa hata pole. Aliomba kuhamishiwa kliniki ya kupima watoto uzito, akakaa huko hadi alipostaafu mwaka 2008. Kikombe alikichukua akaenda nacho nyumbani, akakiweka juu ya kabati la vyombo, kimeinamishwa. Akiwa sokoni alipita njia ya nyuma ili asikutane na wauza mkaa. Watu wa kanisa hili walimwona mcheshi na mchapakazi, na kweli alikuwa. Alifagia, alitembelea wagonjwa, alipika kwenye semina zote. Lakini sisi tuliomfahamu tangu birika la chai tulijua kwamba ndani yake kulikuwa kumezimwa taa.

Mwishoni mwa mwaka 2018, baada ya binti yake kuolewa, alikwenda parokia ya zamani na mdogo wake. Padre, kijana mdogo, alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia yaleyale ya padre wa zamani: haukufutika, Mama, ulikosea kusema lakini haukufutika, na watoto wale Mungu hawaachi. Akamwambia aje kitubio, kisha ashiriki Mkesha wa Pasaka na kurudia ahadi za ubatizo pamoja na wote. Matawi alilia, akasema atakuja. Lakini akataka kwanza amwambie mumewe, na si chumbani tu. Alitaka asimame palepale mbele ya kisima aseme kwa sauti, "Niliulizwa nikasema hapana. Nilikuwa nimebatizwa. Na mwanangu alibatizwa." Alifanya mazoezi ya maneno hayo jikoni. Kila juma alisema juma hili. Shemeji alikuwa anaumwa mgongo, akaona amwache apone. Kisha kukawa na kongamano. Kisha Kwaresima ikaingia, akaapa haitakwisha hajasema.

Jumatano ya Juma Kuu, tarehe 17 Aprili 2019, asubuhi, akimimina chai, alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia ulikufa, na ulimi pia. Hakutamka tena neno hata moja.

Alilazwa hospitali ileile aliyoitumikia, ghorofa ya juu ya wodi yake. Padre alikuja na mafuta ya wagonjwa baada ya Pasaka. Shemeji alimzuia mlangoni kwa adabu: "Padre, asante, lakini huyu ni muumini wetu." Padre hakubishana kitandani kwa mgonjwa, akaondoka. Matawi aliona yote. Mdogo wake alimshika mkono, na mkono ule mzima ulikuwa unambana hadi kucha zikaingia.

Kisha akaanza lile jambo la kikombe. Kila alipowekewa maji ya kunywa alikikamata kwa mkono wa kushoto, akakiinua juu ya shuka, na kumwaga kidogo, na kidogo, na kidogo. Shuka zikabadilishwa, akamwaga tena. Wauguzi wakasogeza kikombe mbali, naye akawa analia bila sauti. Shemeji, mtu mwenye huruma, alimwambia polepole, "Mama, unamwaga. Kunywa, usimwage." Siku nyingi zikapita hivyo. Bi Pole, naye mzee sasa na anatembelea mkongojo, alipoletwa kumwona, alikaa, akaangalia mara moja tu.

"Nyie hamna macho?" akasema. "Huyu hamwagi. Anabatiza."

Shemeji akauliza, "Anambatiza nani?"

"Sijui. Wako, labda. Au yule wa muuza mkaa. Au mwenyewe. Mimi nimeshika mtoto wako, Fundi, nikasema maneno ambayo si yangu, kwa sababu mkeo aliniomba. Wewe umekaa hapa wiki ngapi, humjui anaomba nini?" Ndipo akamweleza yote aliyowahi kuambiwa na Matawi, hapana ya kisimani, na mama yule, na mazoezi ya jikoni, kwa kuwa Matawi alikuwa anamwinamishia kichwa aendelee.

Shemeji alitoka akakaa kwenye korido, kichwa mikononi. Aliporudi alikuwa na beseni. Akalikinga chini ya mkono wa mkewe, akajaza kikombe mwenyewe, akampa. Tangu siku hiyo alikaa hivyo kila alasiri, fundi bomba na beseni lake, mkewe akimimina, yeye akikinga. Jumatatu alikwenda parokia mwenyewe kumtafuta padre. Padre alikuwa kwenye mafungo, angerudi Ijumaa. Alhamisi, sikukuu ya Kupaa Bwana, tarehe 30 Mei 2019, mkono wa Matawi ulimimina mara ya kwanza, ukamimina mara ya pili, na kikombe kikaanguka ndani ya beseni. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita.

Padre yupo. Amesimama kule nyuma na shati la kawaida, kwa kuwa ibada si yake. Mama muuza mkaa tulimtafuta, tukaambiwa alihama zamani, na hakuna anayejua alikohamia.

Jana tulimuuliza shemeji kama haya yasomwe, na kama kifungua mimba atajwe, maana katika karatasi hayumo. Akasema, "Soma, shemeji. Nimekuwa shemasi miaka yote hii, nimewavusha watu majini kwa mikono hii. Leo ukiniuliza maji yamesaidia nini, mimi sijui tena." Tungependa kuwaambia kwamba dada yetu alikufa na utulivu, kama inavyosomwa kwenye mazishi mengi, lakini tumeahidi kusoma ukweli.

Marehemu ameacha mume, binti ambaye ni mwalimu wa chekechea, mwana ambaye ni dereva wa lori, mkwe mmoja, mjukuu mmoja aliye bado tumboni, mdogo wake, na mwenzake wa maisha yote ya kazi, Bi Pole, anayehesabiwa ndugu. Ametanguliwa na baba, mama, kaka zake wawili, na mwanawe wa kwanza, aliyezaliwa, akabatizwa na kufa Jumatano ya Majivu, tarehe 4 Machi 1981.

Bwana, huyu alikuuliza tangu utotoni, na sisi tulimjibu kila mtu kivyake. Mjibu wewe kwanza. Kisha apumzike kwa amani.